Mgongoni mwa Hati

Bi Rayya binti Hamdun amekuja na bati la biskuti,
ndani yake hati, na ndani ya hati mchanga.
Dirisha la nne, Ibra, saa mbili u nusu asubuhi.
Mjukuu kabaki garini, injini inanguruma,
hataki kiyoyozi kizimike.

Naikunjua kama mtu anavyokunjua chapati ya jana,
polepole, isikatike kwenye mikunjo.
Kadhi aliyeiandika alikuwa na mkono mzuri na haraka nyingi:
"Mashariki, mfereji wa falaji.
Kaskazini, mitende ya Mubarak bin Zahir.
Magharibi, bonde.
Kusini, pale alipozoea kukaa kipofu."

Mfereji upo, umetiwa saruji.
Mitende ya Mubarak sasa ni kituo cha petroli.
Bonde lilihama mwaka wa mafuriko,
halikumwarifu mtu.
Na kipofu, Mungu amrehemu,
ndiye mpaka wetu wa kusini.

Kwenye skrini yangu uwanja ule ni wa manjano.
Manjano maana yake serikali:
kisichothibitika ni manjano,
na jangwa zima, ukilitazama kwa setilaiti,
ni watu walioshindwa kuleta karatasi.

Ghusn wa meza ya pili anaigeuza hati.
"Nyuma kuna makorokocho. Kiajemi?"
Si Kiajemi. Herufi ni za Kiarabu,
lakini ukizitamka unasikia Pemba.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete, hivi ndivyo alivyoandika
vitu vya sokoni, na madeni, na siku aliyonizaa.
Ofisi nzima ni mimi tu niwezaye kuyasoma.
Nasoma. Mate yananikauka.

   Uwanja huu si wangu, ni mahali pa kutua,
   Mti nimepanda wangu, kivuli sikununua,
   Msiuzibe, wanangu, mgeni hupigwa jua,
   Hili ndilo neno langu, asomaye atajua.

Ningeweza kuigeuza tena, uso juu.
Kadhi mbele anatoa, baba mtu nyuma anarudisha,
na mhuri uko mkononi mwangu.
Ghusn ameshakwenda kuchukua kahawa.

"Ameandika nini baba?"
Kwa Kiswahili, kile cha kisiwani, kisichoshika kutu.
Amejuaje kuwa najua?
"Ulikuwa ukisoma na midomo inacheza," ananiambia.

Namsomea. Mara mbili; ya pili ameiomba mwenyewe.
Anafunga bati. Analifungua.
"Yule dereva wangu," ananyoosha kidevu kuelekea nje,
"ameshanunua mabati ya ghala. Ya buluu."
Halafu kimya,
namba thelathini na tisa ikaitwa, ikapita.

"Na mti?"
Mti upo. Mghafu, umeinama kama anayetafuta sarafu;
kwenye picha ni doa tu, na ukingoni mwa doa
lori la maji, na miguu ya watu waliolala.
"Basi, uwanja ni wenu. Mti niandikieni mimi."

Fomu haina mahali pa mti.
Ina namba ya kiwanja, ina mita za mraba, ina matumizi:
makazi, biashara, kilimo, viwanda.
Kivuli hakimo.
Chini kabisa pana kisanduku cha maelezo mengine,
na mashine haipokei humo herufi ila za Kiarabu.

Naandika Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu:
mti huu ni wa Rayya binti Hamdun, msiuzibe.
Mashine inafikiri kidogo. Inapokea.

Nje honi inapigwa mara ya tatu.
Bi Rayya hanyanyuki bado;
anakung'utia kiganjani mchanga wa ile hati,
ananiuliza huu nao aurudishe wapi.