Zamu ya Mchana

Miaka thelathini na mmoja nililinda ghala la mabati
kule Lunga Lunga, usiku,
na usingizi ndiye mwizi wa kwanza niliyefunzwa kumfukuza.
Nilimjua kwa hatua zake:
huja saa tisa, Mto Ngong ukinuka,
hukaa kwanza kwenye kope kama mgeni asiyetaka kusumbua,
kisha hutandika.
Nilimpiga kwa maji baridi, kwa tangawizi mbichi,
kwa kusimama mguu mmoja nikihesabu taa za Mukuru.
Alinishinda mara moja tu.
Msimamizi akanikuta kidevu kifuani,
nikakatwa mshahara wa siku tatu.
Karatasi ya makato ningali nayo.

Sasa mke wangu Kalunde anapima mililita tano
kwa bomba la sindano lisilo na sindano,
analielekeza dirishani, jicho moja kafumba,
kama anayetunga uzi.
Dawa ni ya kijani. Chungu. Inaitwa mofini.
Baba Atis wa mlango wa pili alipolisikia jina
alishusha sauti, akauliza kama sitakuwa teja.
Nikamwambia, mimi ndiye niliyeibiwa, ndugu yangu.
Kaulize mfupa.

Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane,
kumi na mbili tena, na saa nne usiku kipimo maradufu:
ni doria ile ile,
ila si mimi ninayezunguka.

Baada ya dakika ishirini nyonga inaacha kupiga kelele.
Hainyamazi; inahamia chumba cha pili,
naisikia ikigombana na mtu mwingine.
Kisha yeye anakuja, bila hodi,
mchana kweupe, Maringo nzima macho,
watoto wakigonga mpira ukutani, muuza sukuma akiita.
Kijiko cha uji, njiani kati ya bakuli na mdomo,
kinasimama.
Naanza, "Kalunde, ile fomu ya bima iko..."
Nikiamka uji umeota ngozi
na fomu imeshapatikana.

Wakati mwingine namwona msimamizi mlangoni na daftari lake.
Nagutuka: "Sijalala, bosi!"
"Hakuna bosi hapa," asema Kalunde. "Kuna papai. Kula."
(Papai, kwa sababu dawa hii hufunga macho
na kwingine pia.)

Jumapili mjukuu wangu Mwikali alileta ripoti ya shule.
Dozi ya saa nane niliitema kikombeni
ili niwe macho.
Nikawa macho.
Nilisoma Kiswahili, tisini na moja.
Hisabati sikuiona;
nyonga ilikuwa imeketi juu ya karatasi.
Mtoto akauliza, "Babu, umenikasirikia?"
Saa nne usiku nikainywa yote, kama nilivyoandikiwa.

Nesi Chelang'at alisema, vumilia siku nne, tano,
mwili utaizoea, kichwa kitapambazuka.
Ila akiamshwa asiamke, akamwambia Kalunde,
au pumzi zikipishana mbali, nipigie hata usiku wa manane.
Kwa hiyo Kalunde hukesha kwenye kiti cha mlangoni,
tochi yangu ya kazi mapajani,
akihesabu kifua changu kikipanda na kushuka.
Hajui kusimama mguu mmoja. Sijamfundisha.

Nesi alisema kweli. Siku ya sita
nilimaliza uji ungali moto,
nikasikiliza habari redioni mpaka hali ya hewa.
Kalunde alipiga makofi.
Sikumwambia kwamba nilikuwa nikimtafuta yule mwizi,
kidogo tu, kwenye kope,
maana ndio usingizi pekee maishani
ambao hakuna aliyenikata.

Saa nane ikafika, ikapita. Chupa haikufunguliwa.
Nikageuza kichwa polepole
nikamwona: alikuwa amehamia kitini,
kidevu cha Kalunde kifuani,
tochi inawaka mchana.

Niliinyosha mkono, nikaizima.
Maumivu yakabisha.
Nikayaacha yangoje nje ya geti.