Yah: Kuchelewa Kazini

Ndugu Mkuu wa Ofisi,
tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
Nimefika saa nne kasorobo,
viatu mkononi, soksi moja imetoboka.
Sababu ni vitunguu.

Barabara ya Sakina ilifungwa tangu alfajiri.
Wachukuzi wa sokoni walilaza mikokoteni ubavu,
wakamwaga magunia mawili mbele ya basi la kwanza,
na kila gurudumu lililolazimisha kupita
lilitutoa machozi sote, hata askari,
kabla mtu hajapiga bomu.

Bango lao lilikuwa ubavu wa boksi la sabuni:
WAGENI WARUDI NAMANGA.
Mwandishi aliishiwa na nafasi;
NGA ilining'inia pembeni kama mkia.

Aliyelishika ni Losioki, jirani yangu,
yule aliyembeba mama yangu mgongoni
mwaka wa mafuriko, maji yakimfika kifuani.
Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia.
Miaka kumi na tisa ya magunia.
Siku hizi wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka
wanapeleka malori yao hadi shambani Mang'ola,
na bega halihitajiki.

Nilitaka kumpa mkono.
Nilitaka pia kumzaba kofi,
maana nyuma yangu mama mmoja alimpakata mwanawe
mwenye hogo mguuni,
na leo ndiyo siku ya kulifungua,
na hospitali iko palee, ukinyoosha.
"Hawa wanamkomoa nani?" aliuliza.
Tulitazama vitunguu.

Mjomba wangu Ndetaramo, mkulima wa hukohuko Mang'ola,
anawaombea dua hao wageni.
Wanalipa kabla ya kupakia.
Madalali wetu, wazalendo, walimlipa ahadi
misimu mitatu mfululizo,
na lumbesa juu yake.

Halafu kuna babu.
Alitoka Machame kwa miguu
na mche mmoja wa mgomba ndani ya gunia lililoloweshwa,
akaitwa "wa kuja" hadi siku tunamzika.
Mgomba haukungoja hivyo.
Ulitoa mkungu wa kwanza, ukawa wa hapa.

Sijaulizwa hili, lakini naandika:
vile vibali vya wanunuzi, kumi na vinne, vya Septemba,
sahihi ya chini kulia ni yangu.
Nilivisoma vyote. Vilikuwa sawa.
Jina halisomeki;
nimelizoeza lisisomeke.

Losioki aliniona, akashusha bango.
"Dada Aikande, we pita bwana,
tunajua una kazi ya serikali."
Akavuta mkokoteni, akanipa upenyo
wa mtu mmoja.
Asante, nikasema. Nikapita.

Upenyo ule ungemtosha mwenye mtoto.
Nililifikiria hilo nikiwa Mianzini tayari,
na nilipogeuka mlima ulikuwa umejifunika,
na nyuma huko watu walikuwa wanaimba,
wimbo ule tunaouimba harusini,
maneno wameyabadilisha.

Ofisini nimemkuta kinyozi Nduwayo kwenye benchi.
Ametoka Ngarenaro kwa miguu, kwa njia za ndani,
kibali chake kinaisha kesho.
Ameniona miguu,
akasogea, akasema, "Pole na njia."
Ndugu Mkuu, sikuwa na la kumjibu.
Nilitaka kumuuliza kwa nini alikuja,
nikaona swali lenyewe ni la kwenye bango,
nikamuuliza kama amekunywa chai.

Mikono inanuka vitunguu, nimenawa mara mbili.
Fomu yake iko mbele yangu.
Muhuri bado una tarehe ya jana
na sijaizungusha.

Naomba maelezo haya yapokelewe.
Kama ni kukatwa, nikatwe saa mbili na dakika zake.
Kwa mwenye hogo sijui anakatwa nani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(sahihi haisomeki)