Fomu ya Maswali Tisa

Wameniomba niandike nilivyokua.
Kurasa mbili, kabla ya Ijumaa.
Mara nne nimeanza kwa neno "safari", mara nne nimelifuta,
maana sikwenda popote:
nilikuwa hapa hapa Duluth, chumba mia mbili na kumi na nne,
juu ya ukumbi wa mpira wa kikapu,
kila Jumatatu jioni sakafu ikidunda chini ya viatu vyetu
kama moyo wa mtu anayekimbia deni.

Usiku wa kwanza walitupima kwa rangi.
Kijani msikivu, buluu mpangaji, njano mcheshi.
Mimi nilitoka nyekundu, nyekundu tupu,
na Bi. Lindqvist akasema, "Arlys, wewe ni mwamuzi."
Nikatembea hadi bwenini bila kofia,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
masikio yakiniwaka, nisijue ni baridi au ni fahari.

Tukapewa kazi: stoo ya chakula
kwa wanafunzi wanaolala na njaa.
Niliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda kioo.
Nikachora ratiba. Nikanunua rula.
Nikatunga fomu: jina, namba ya usajili,
kipato cha mzazi, unakula mara ngapi kwa siku,
hadi swali la tisa,
ambalo siku hizi siwezi kulisoma kwa sauti:
*Kwa nini unahitaji msaada?*

Everett LaPrairie, wa kiti cha dirishani,
mtu wa maneno sita kwa muhula,
aliigeuza fomu, akatazama nyuma yake pasipo kitu,
akauliza, "Na wewe utaijaza?"
Watu wakacheka. Nami nikacheka; kiongozi sharti acheke.

Kalia Xiong akaacha kuja zamu zake za Jumatano.
Wiki ya kwanza nikamwandikia ujumbe.
Ya pili nikamwandikia tena, kwa herufi kubwa.
Ya tatu nikalaza rula juu ya jina lake
nikapitisha wino mwekundu, mstari ukanyooka vizuri,
nikaona nimefanya jambo gumu,
na mambo magumu, tulifundishwa, ndiyo uongozi.

Februari, ziwa limeganda hadi upeo wa macho,
zamu yake niliishika mwenyewe.
Foleni ilifika mlangoni.
Ndani ya foleni, Kalia.

Alivaa koti la kaka yake,
mikono imepotelea ndani ya mikono ya koti.
Fomu alikuwa ameijaza. Yote.
Mwandiko mdogo, umesimama wima,
na kwenye swali la tisa:
*Kwa sababu leo ni Jumatano, na mshahara ni Ijumaa.*

Nilimpa mchele, dengu, kopo la pichi.
Nikaongeza kopo la pili, akalirudisha.
"Nipe sawa na wengine," akasema. "Wako saba nyuma yangu."
Mimi mwenye ratiba sikuwa nimewahesabu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa:
methali haikutaja
kwamba anaweza pia kumtungia fomu.

Sitaandika kwamba nilibadilika usiku ule.
Usiku ule nilikasirika. Nilimkasirikia yeye
kwa kutoniambia, kisha nikaikasirikia rula,
nikala mkate mkavu kitandani, usingizi ukachelewa.

Yaliyofuata yalikuwa madogo.
Everett alihamisha meza kutoka mlangoni pa ofisi
hadi nyuma ya maktaba, ambako hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.
Maswali yakawa manne, kisha moja: una jiko?
Kisha hata hilo tukalichana.
Kalia alirudi, si kwa sababu nilimwomba radhi
(nilimwomba, vibaya, kwenye ngazi, mdomo umejaa chakula)
bali kwa sababu, alisema,
"Mnapanga dengu kama watu wasiopika."

Mwezi wa tano tutapewa vyeti.
Bi. Lindqvist atamtaka kila mmoja aseme neno moja.
Sina neno. Nina fomu mia mbili na arobaini zilizobaki,
nyeupe upande wa nyuma,
na leo asubuhi nimemkuta Kalia akiandika juu ya moja,
kwa penseli, bila rula:
mchele, chumvi, sabuni,
muulize Arlys kama anaweza kubeba.

Naweza.