Mia Mbili na Kumi

Mjomba Kisilu aliitoa Ngara, kwa Bwana Vrajlal
aliyekuwa akihama: kibodi nyeusi, vitufe laini
kama kifutio cha shule. Haikuwa na pa kuweka kitu.
Ukiizima, imesahau.
Stima ikipotea Jericho
(na ilipotea, kila Alhamisi, kama iliyokula kiapo)
ilisahau hata jina tuliloipa.

Kilichokumbuka ni redio ya kaseti ya mama,
ile ya mpini uliofungwa kwa waya.
Sauti kwenye saba. Si sita, si nane.
Kwenye sita mashine haisikii,
kwenye nane inachanganyikiwa,
na dakika zako nne zimekwenda na maji.

Kanda tupu zilikuwa ghali. Tukachukua ya kwaya,
tukaziba vishimo vya juu kwa karatasi iliyotafunwa,
Mungu atusamehe,
na dada yangu Mutheu akainama kwenye kinasa sauti:
"Chama. Toleo la tatu. Mia mbili na kumi."
Ndiyo namba ya kihesabio, tupate pa kurudi.
Kisha alichomeka waya, na mlio ukaanza,
kwanza mmoja mrefu, umenyooka kama uzi wa mwashi,
halafu ukachanika:
mabati yanaburutwa juu ya kokoto,
nzi elfu ndani ya debe,
na ndani ya debe hilo wanawake kumi na wanne,
nani ametoa, nani anadaiwa,
mwezi huu zamu ni ya nani.

Jumapili wakaja. Mutheu alisugua kichwa cha redio
kwa pamba na spiriti, akatoa amri:
hakuna kupiga pasi, hakuna kugusa swichi ya choo.
Swichi hutia nukta kwenye waya,
na nukta moja ni deni la mtu.
Michirizi ikapanda kwenye televisheni,
kijivu, na kijivu kingine.

"Inalia nini hii?" akauliza Nyaboke.
"Inasoma."
"Kwa kelele hizo? Basi mume wangu ni profesa."
Wakacheka mpaka mama akahofia
kicheko kitaingia kwenye hesabu.

Halafu kimya.
Kimya hicho hukijui: ni cha aliyeelewa
au cha aliyekata tamaa.
Sekunde mbili. Tatu.
Majina yakajitokeza, moja chini ya jingine.
Nyaboke akasogea, akaliona lake,
na mbele yake shilingi arobaini,
akasema mashine ina fitina.
Mali bila daftari, mama alianza,
na wengine wakamalizia, huisha bila habari.
Akalipa. Kwa sarafu, moja moja, juu ya kibodi,
na kila sarafu ikaandika herufi
ambayo Mutheu aliifuta bila kusema neno.

*

Mutheu hayupo. Hilo ni shairi lingine.

Kanda niliikuta kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
pamoja na vifungo na funguo zisizo na milango.
Niliizungusha kwa penseli hadi ikakaza.
Kijana wa Luthuli akaniazima redio,
akasikiliza kidogo, akanionea huruma.
"Hii imeharibika. Ni kelele tu."

Kelele tu, ndiyo. Humo Nyaboke bado anadaiwa,
au amelipa; toleo la tatu, sikumbuki,
na hakuna mashine iliyobaki ya kuniambia.

Zamani mashine iliiruka sauti ya Mutheu
ikingoja mlio.
Mimi nauruka mlio.
Nasukuma mbele, narudisha, nasukuma,
na kihesabio hiki hakikubaliani na kile chetu,
"mia mbili na kumi" yake iko kwenye mia na tisini na kitu.
Hapo anaongea. Nyuma yake, jikoni,
mama anauliza kama maziwa yamechemka.
Mutheu anavuta pumzi amjibu,
na waya unaingia.