Mkono wa Kushoto

Siku ya kusajili laini, pale Newala,
mashine ilikataa dole gumba la shangazi,
ikakataa na la pili.
Kijana akamwambia, Mama, futa mkono.
Ulikwisha kufutwa,
na mafuta ya ganda la korosho,
misimu thelathini ya kubangua kwa rungu na jivu.

Mimi nilikuwa Mtwara mjini, koti jeupe la kuazima,
nayabembeleza manjano yaingie majini.
Hayaingii. Hukaa kando kama wakwe waliosusa.
Ukiyapaka hivihivi, ngozi huyaacha mlangoni:
shuka ndilo hugeuka rangi,
kidonda hakina habari.

Maana ngozi ni ukuta, na udongo wake ni mafuta.
Bibi yetu, binti Chitalula, walimpitia kwa wembe:
chale kila shavu, masizi ya mbarika yakasuguliwa ndani,
akatakiwa asilie.
Mimi sina wembe. Nina nta ya nyuki ya Masasi,
mafuta ya nazi, na chombo cha mvumo usiosikika
kinachoyapasua mafuta yawe chembe,
chembe mia tano, bega kwa bega,
upana wa unywele mmoja.
Ndani ya kila chembe manjano kidogo,
kama hela kwenye pindo la kanga.

Mara ya kwanza umeme ulikatika.
Asubuhi nikakuta mtindi: nta juu, maji chini.
Mara ya nne yakatulia.

Nikapanda Newala na kichupa kimoja.
Nikamweleza: mafuta hufunguliwa na mafuta.
Akacheka, Somoe Nalyele, hadi akashika ubavu.
"Njia hiyo naijua.
Ndiyo aliyopita mwenzake akaniunguza."
Miaka miwili ya vitabu,
naye kaimaliza kwa pumzi moja.

Ngozi ivute i maji, walisema.
Yake ilikauka zamani. Naivuta vivyo hivyo.

Karatasi ya ridhaa akaitia dole gumba:
doa la wino, bila mstari hata mmoja.
Nikampaka mkono wa kulia, nikaandika tarehe.
Wa kushoto, nikasema, hatuugusi wiki sita,
huo ni wa kulinganishia.

Akauinua. Akaugeuza polepole mbele ya taa.
"Wa kulia ulishika rungu tu," akasema.
"Huu ndio ulioshika korosho.
Huu umekosa nini?"