Kawaida

Saa mbili kamili asubuhi zahanati hufungua simu
na Blaenau nzima hukohoa kwenye foleni moja.
"Wewe ni wa kumi na tisa," mashine inaniambia,
kisha inanipigia kinanda.
Nimevaa sweta mbili. Ni Julai.
Nje mvua inaosha vifusi vya machimbo;
huku kwetu mvua haina msimu, ina zamu,
kama sisi wapishi wa shule.

Mara ya kwanza Daktari Prosser alisema ni umri.
Mara ya pili, upweke,
tangu Gethin ahamie kwa yule mwanamke wa Bala.
(Gethin! Nilishamsahau. Tatizo ni kwamba
nimesahau na vingine.)
Mara ya tatu alitoa damu, alasiri,
kichupa kimoja, swali moja,
na jibu likarudi neno moja: kawaida.

Kawaida ni kama sheria, na mimi si mvunja sheria.
Nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo
saa kumi na moja, nikaamka
kama gunia lililohamishwa tu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, husemwa.
Mimi sikuficha kitu.
Nywele nilizozitoa kwenye tundu la bafu nilimletea kwenye mfuko.
Nyusi zangu, tazama, zimeishia njiani,
kama sentensi ambayo mtu ameitwa mlangoni
akaiacha.
Heledd akinipigia kutoka Cardiff huuliza,
"Mama, umelewa?"
Si pombe. Ni ulimi, umenenepa na mimi.
Na siku ile jikoni, watoto mia na ishirini wakingoja supu,
nilitafuta jina la upawa, nikiwa nimeushika,
kwa Kiwelisi, kwa Kiingereza,
lugha zote mbili zikanitazama tu.

Ni Tegwen, mtoa damu, aliyeniambia,
akinifunga pamba, bila kuinua macho:
"Rudi asubuhi, kabla ya chai.
Zile vitamini za nywele ziache siku mbili tatu, zinavuruga kipimo.
Na usikubali wahesabu hodi peke yake."

Hodi?

"Ubongo hupiga hodi kwenye tezi ya shingo.
Wao wamehesabu mabisho: mengi kidogo, hayajavuka mstari.
Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu ndani,
kama anatoa kitu,
au kama ni askari wa mwili wako mwenyewe
wanaobomoa nyumba kimyakimya."

Basi leo niko hapa, mara ya nne,
karatasi yangu nyuma ya orodha ya vyakula vya wiki:
Jumatatu, samaki. Jumanne, homoni yenyewe.
Jumatano, viazi. Kingamwili. Chuma. Mafuta ya damu.
Nilikuwa nimejizoeza hotuba kali njiani.
Nilipoketi ikayeyuka yote, nikasema tu,
"Daktari, bibi yangu alikuwa na rovu."

Akaacha kuandika.
Akazunguka meza. Kwa mara ya kwanza
akaniwekea vidole shingoni.
"Meza mate."
Nikameza.
"Tena."
Vidole vyake vilikuwa vya moto mno,
hadi nikakumbuka kwamba baridi ni mimi.

Hakusema samahani. Alitia alama kwenye fomu,
moja, mbili, nne,
na kalamu yake ilikwaruza kama mtu
anayetafuta ufunguo gizani.

Vichupa vitatu, saa mbili na nusu, tumbo tupu.
Tegwen hakutabasamu, ila alichagua
sindano nyembamba.

Alhamisi nilikuwa namenya karoti
simu ilipolia, namba ya zahanati.
Nikaitazama ikiruka juu ya maganda.
Mara hii hapakuwa na foleni wala kinanda.
Ndio waliobisha.
Nikafuta mikono kwenye aproni, polepole,
kwa kuwa kila kitu nakifanya polepole,
nikasema, kwa sauti yangu nzito ya mlevi,
karibu.