Muhuri wa Zambarau

Fahali wa Gathoni ananing'inia kwenye ndoano
hapa machinjioni Njoro, tangu saa kumi na moja alfajiri,
mnene, mafuta yake manjano kidogo,
nami nimesimama chini yake, muhuri mkononi,
wino unakauka.

Kisu changu kinajua kusoma.
Kinasoma ini, ulimi, moyo, tezi za shingo.
Kifua kikuu hakijawahi kunipita,
wala tegu aliyelala ndani ya msuli.
Lakini hiki alichokula
hakikuacha kovu, hakikuacha harufu.

"Ni mashudu tu," anasema Gathoni.
"Ya bangi ile ya viwandani, ya kamba na magunia.
Mbegu zikikamuliwa, mafuta huenda kwa watu wa sabuni,
makapi wakanipa mimi, kutoka shamba la majaribio ng'ambo ya reli.
Hayalewishi hata kuku.
Ungenifanya nini, daktari, kiangazi kile?
Gunia la pumba lilishinda karo."

Nje ya geti vijana wa bucha wanapiga kelele:
"Tupimie nusu kilo ya kicheko!"
"Mimi ya supu, nilale mpaka Jumatatu!"
Fahali hakucheka. Nilimwona jana zizini
akicheua polepole,
akanitazama kama karani anayesubiri chai.

Nimeuliza swali moja: uliacha lini kumlisha?
Gathoni akahesabu kwa vidole, akarudia,
vidole vikakataa kupatana.

Maana damu husahau upesi,
mkojo humwaga siri zake zote,
lakini mafuta,
mafuta ni mwenye duka anayeandika madeni
kwa kalamu isiyofutika.

Kipande kimepanda basi la Nairobi, ndani ya barafu,
na karatasi yenye tarehe asiyo na hakika nayo.
Siku nne, maabara wamesema. Au tano.
Friji inanguruma, umeme ukiwepo.

Gathoni ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Haniombi, hanilaani.
Anauliza tu kama mimi, nyumbani kwangu, ningeila.

Nimefunga kopo la wino.
Nikamwambia kweli: mimi ningeila, na ugali, leo hii.
Mwanangu ndiye nisingempa.
Na muhuri huu hupigiwa vinywa nisivyovijua.

Umeme ukakatika.
Akainuka bila neno, akajifuta sketi,
akaenda kuvuta kamba ya jenereta.